Uzi mzima, kitambaa kimechanika: uchambuzi wa kwilti moja iliyorudi kwa fundi

Kwilti iliyorudi, yaani blanketi la viraka lenye tabaka tatu, ilikuwa ya viraka 270 vya mraba, 15 kwa upana na 18 kwa urefu. Kila kiraka kilikatwa inchi 4 na nusu ili kikishashonwa pande zote kibaki inchi 4, kwa hiyo sehemu ya viraka ilipaswa kutoka inchi 60 kwa 72. Imezungushiwa ukingo wa kitenge wa inchi 3. Vitambaa vyake ni vile vinavyopatikana kwa mafundi wengi wa Nairobi: mabaki ya kitenge, khanga mbili zilizokwisha kuvaliwa, na mashati ya pamba ya mtumba kutoka soko la Gikomba. Tabaka la kati ni pamba nyembamba ya kujazia, ya poliesta, ile inayouzwa kwa mita, na chini kuna shuka la rangi ya krimu. Ilishonewa Kawangware kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga, ikaenda kwa mteja South B, ikafuliwa mara nne, ikarudi.

Malalamiko yalikuwa matatu. Mishono ya viraka ilikuwa imefunguka mahali 11. Mistari ya uzi wa dhahabu iliyopigwa juu ili kubana tabaka zote tatu ilikuwa imekatika vipande vipande. Na ukingo ulikuwa na mawimbi. Haukulala hata kwilti ilipotandazwa sakafuni na kupapaswa kwa kiganja.

Mteja alikuwa na mshtakiwa wake tayari. "Fundi, ni huu uzi wako mweupe wa koni. Si ungeniambia niongeze pesa ununue mzuri?"

"Mama, wa koni niliuweka chini tu, kwa bobini. Huko juu kote ni uzi wa bei."

Wote wawili walikuwa wakibishana juu ya bei, na bei haikuhusika. Uzi mweupe wa koni ndio pekee ambao haukukatika wala kuchana kitambaa katika kwilti nzima.

Nyuzi zilizokutwa

Ndani ya kwilti hiyo mlikuwa na nyuzi tatu. Viraka viliungwa kwa poliesta ya buluu iliyoiva, namba 20/2, juu na kwenye bobini (kile kibiringo kidogo kinachotoa uzi wa chini). Huo ndio uzi wa jinzi na mifuko. Sindano ilikuwa namba 16 na mishono ilikuwa 7 kwa kila inchi. Mistari ya juu ilipigwa kwa uzi wa dhahabu unaong'aa kutoka rili ndogo ya tarizi, lebo yake ikisema 120D/2 bila kutaja ni nyenzo gani. Chini ya mistari hiyo, kwenye bobini, ndimo ulimokuwa uzi mweupe wa poliesta 40/2, wa koni, ambao fundi hushonea mashati na magauni kila siku.

Namba hizi zinafaa kusomwa vizuri kwa sababu zinapotosha kirahisi. Katika 40/2, namba ya kwanza ni wembamba wa kila uzi mmoja, na ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Namba ya kwanza ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Kwa hiyo 20/2 ni mzito maradufu ya 40/2 kwa urefu ule ule, na 60/2 ni mwembamba kuliko zote mbili. Viwanda vina kipimo kingine kiitwacho tex, ambacho hakichanganyi mtu: ni gramu ngapi za uzi zinazopatikana katika mita 1,000. Uzi wa 40/2 una tex 30 hivi, 20/2 una 59, na 60/2 una karibu 20. Ule wa dhahabu wa 120D/2 (D ni denia, kipimo ambacho namba ikipanda uzi unakuwa mnene) una tex 27 hivi, maana yake kwa unene unakaribiana sana na uzi mweupe wa koni. Mmoja ulikatika kila mahali na mwingine haukukatika hata sehemu moja, ingawa zilikaa katika mstari ule ule, tundu kwa tundu. Unene peke yake basi hauwezi kueleza kilichotokea.

Mishono iliyofunguka

Tuanze na yale mahali 11. Saba kati yake yalikuwa mpakani mwa kiraka cha khanga na kiraka cha kitenge, na yote 11 yalikuwa sehemu ya katikati, si pembeni. Ukiinamia moja wapo kwa karibu unaona jambo ambalo mteja hakuliona: uzi wa buluu upo, mzima, umekaa upande wa kitenge kama ngazi, kila kidaraja mahali pake. Kilichoachia ni khanga. Nyuzi za khanga zimeteleza zikatoka kwenye mshono, zimebaki zimening'inia kama ndevu, na pamba ya kati inachungulia.

Fundi alikuwa na hoja yake, na ni hoja inayosikika kwenye karakana nyingi: kwilti ni kitu kizito, basi uzi uwe mzito. Lakini uzito wa kwilti haubebwi na mshono wa viraka. Unabebwa na mistari inayopita juu na kukamata tabaka zote tatu. Mshono wa kiraka una kazi ndogo tu, kushikanisha vitambaa viwili vyepesi na kulala bapa chini ya pasi. Uzi wa 20/2 una unene wa takriban milimita 0.3, na sindano namba 16 ina shina la milimita 1 kamili. Ndiyo maana kwenye pakiti imeandikwa 100/16. Khanga iliyofuliwa miaka miwili mitatu imelegea. Kila sindano hiyo ilipopita ilisukuma nyuzi kando na kuacha tundu ambalo uzi wenyewe hauwezi kulijaza. Halafu mishono 7 kwa inchi ni michache: mvuto wote unaangukia pointi chache, na kila pointi inavuta kwa nguvu kubwa zaidi. Uzi hauachii kwa sababu ni wa jinzi. Kinachoachia ni kilicho dhaifu.

Akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ncha ya kiraka, nayo haikusaidia. Ilipangwa robo inchi, yaani milimita 6 na kitu, lakini viraka vilikatwa kwa mkasi kwa kufuata kadi, na mahali palipofunguka akiba iliyopimwa ilikuwa milimita 4. Khanga inayotokwa nyuzi, yenye akiba ya milimita 4, haistahimili kufuliwa kwa mikono.

Na hapa Nairobi kwilti hufuliwa kwa mikono. Maelezo mengi ya uzi wa kwilti huandikwa kwa watu wenye mashine ya kufulia ya ngoma, na kwao adui ni msuguano. Kwenye beseni mambo ni tofauti. Kwilti ikinyonya maji inakuwa mzigo wa watu wawili. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, wanaisokota mpaka maji yatoke. Msokoto huo huvuta katikati kuliko pembeni. Ndiyo sababu mahali yote 11 yalikuwa katikati.

Kanuni ya kushona viraka basi ni kinyume cha ile ya fundi: mshono ukizidiwa, uzi uwe wa kwanza kukatika. Uzi uliokatika unafumuliwa na kushonwa upya kabla chai haijapoa. Khanga iliyochanika haina dawa zaidi ya kuifunika.

Kuna wanaosema poliesta hukata pamba, kwa hiyo kitambaa cha pamba kishonwe kwa uzi wa pamba pekee. Kisa hiki kinaweza kuonekana kama ushahidi wao, lakini sicho. Uzi mweupe wa 40/2 nao ni poliesta, ulipita kwenye khanga zile zile, na haukukata kitu. Tofauti ilikuwa unene, sindano na urefu wa mshono.

Mawimbi kwenye ukingo

Hili ni la hesabu. Kitambaa kikikunjwa juu ya mshono na kupigwa pasi, uzi unachukua nafasi ndani ya mkunjo. Uzi mwembamba hauchukui nafasi ya kuzungumziwa. Uzi wa jinzi unaacha tuta, na kila mshono unaweza kumeza milimita moja zaidi ya ilivyopangwa. Viraka 15 kwa upana vina mishono 14, hivyo milimita 14 zimepotea. Kwa urefu mishono ni 17, milimita 17. Fundi alikata ukingo kwa kufuata hesabu ya karatasi, inchi 60 na 72, badala ya kupima kazi iliyo mezani. Alikuwa na ukingo mrefu kuliko mahali pa kuushonea, akausukuma ndani kidogo kidogo mpaka ukaisha. Urefu huo wa ziada ndio mawimbi.

Jaribio lake ni rahisi na linapaswa kufanywa kabla ya kuanza kazi yoyote yenye viraka vingi. Kata vipande 10 vya upana wa inchi 2 na nusu kutoka kitambaa cha kazi yenyewe. Viunge kwa akiba ya robo inchi, piga pasi, pima. Jibu sahihi ni inchi 20 na nusu. Likitoka pungufu, usikate viraka vikubwa zaidi; ama punguza unene wa uzi, ama sogeza alama ya mwongozo karibu na sindano kwa upana wa uzi mmoja au miwili, halafu rudia. Kwenye cherehani nyeusi alama hiyo ni kipande cha selotepu juu ya bamba lililo chini ya sindano, hakuna haja ya mguu maalum. Ukingo nao ukatwe baada ya kupima sehemu ya viraka katikati yake, si kwenye ncha zake, kwa sababu ncha hunyooka kwa kushikwashikwa.

Mistari ya dhahabu

Hapa kosa lilikuwa la upande wa pili: uzi dhaifu kuliko kazi yake. Kipande cha uzi wa dhahabu kilichong'olewa kiliwashwa kwa kiberiti. Kiliungua haraka kama karatasi, kikatoa harufu ya karatasi, kikaacha jivu laini la kijivu lililosagika kwa vidole. Uzi mweupe ulipowashwa ulijikunja kabla ya moto kuufikia, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi na kubaki kishanga kigumu kisichosagika. Huo ni poliesta. Wa dhahabu ni reyoni. (Pamba nayo huungua kama karatasi, lakini pamba haing'ai vile, kwa hiyo hapakuwa na shaka. Shika uzi kwa koleo au kibanio, si kwa vidole. Poliesta iliyoyeyuka huganda kwenye ngozi.)

Reyoni ina sifa moja ambayo inaifanya isifae kabisa kwa kitu kinachofuliwa na kukamuliwa: ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, karibu nusu kwa reyoni ya kawaida. Poliesta haipotezi kitu cha maana ikilowa, na pamba huongezeka nguvu kidogo. Reyoni ni uzi wa tarizi, wa maua kwenye kanzu au mtandio, mahali ambapo mshono ni pambo na haushikilii chochote. Kwenye kwilti ulipewa kazi ya kubeba, na ukapewa kazi hiyo hasa wakati umelowa.

Kulikuwa na dalili ya pili. Upande wa juu, kwenye kila tundu la sindano, palionekana nukta nyeupe. Hiyo ni bobini iliyovutwa juu, na maana yake ni kwamba mkazo wa uzi wa juu ulikuwa umekazwa kupita kiasi. Mafungamano ya nyuzi mbili yanapaswa kuwa ndani ya pamba ya kati, yasionekane juu wala chini. Uzi wa juu uliokazwa hivyo unaingia kwenye kwilti ukiwa umekwisha kunyooshwa karibu na mwisho wake. Ukumbuke pia kwamba katika mshono wa cherehani kila kipande cha uzi wa juu hupita kwenye tundu la sindano mara nyingi, makumi ya mara, kikienda na kurudi kabla hakijakaa. Uzi laini wenye mkazo mkubwa hufika umechoka.

Mtu akitaka mng'ao, ipo poliesta ya tarizi ya unene huo huo, 120D/2, na kwa macho huwezi kuitofautisha na reyoni dukani. Maduka ya vifaa vya ushonaji ya Biashara Street na River Road huziweka zote kwenye rafu moja. Soma lebo, isiposema poliesta, omba sentimita 20 ukaunguze nje. Au loweka kipande kwa dakika kumi, kisha kivute kwa mikono miwili, halafu vuta kikavu. Kama kilicholowa kinakatika kirahisi zaidi, kirudishe rafuni.

Koni isiyo na lebo

Nusu ya koni zilizomo kwenye karakana hazina karatasi ndani. Mizani ndogo ya kidijitali, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, inamaliza utata. Pima mita 100 za uzi (zungusha kwenye meza yenye mzingo unaoujua, uhesabu mizunguko), ziviringe, weka kwenye mizani. Gramu 3 ni 40/2. Gramu 2 ni 60/2. Gramu 6 ni 20/2. Gramu hizo ukizizidisha mara kumi ndiyo tex yenyewe.

Mizani hiyo hiyo inakagua urefu. Koni ya 40/2 iliyoandikwa yadi 5,000 ina mita 4,572, na uzi wake peke yake unapaswa kuwa na gramu 135 hivi, ukiondoa plastiki. Ikitoa gramu 90, umenunua yadi 3,300.

Uzito hausemi ubora, hata hivyo. Kwa ubora, nyoosha nusu mita juu ya kitambaa cheusi mbele ya dirisha. Uzi wa poliesta wa koni umesokotwa kwa vinyweleo vifupi, kwa hiyo manyoya kidogo ni ya kawaida. Tafuta vinundu, sehemu nyembamba ghafla, na mafundo yaliyofungwa kiwandani. Kinundu kikifika kwenye tundu la sindano namba 11 kitakatika hapo, na fundi atailaumu cherehani. Koni iliyokaa miezi dirishani kwa duka ikipigwa na jua, ikatae hata ikiwa ya bure. Vuta sentimita 30 kwa mkupuo, na ikikatika bila ubishi, jibu umepata.

Uzi gani uwekwe wapi

Kwa kuunga viraka vya kitenge, khanga na mashati, uzi bora ni pamba ya nyuzi ndefu 50/2, yenye tex 24 hivi, iliyopitishwa kwenye magadi makali kiwandani ili ing'ae na iwe na nguvu zaidi. Unalala bapa vizuri, na haujali pasi ya moto. Tatizo lake Nairobi ni upatikanaji: mzuri unaagizwa kutoka nje na hauko kila duka, na pamba ya bei ya chini inayopatikana kirahisi ina vinundu na hukatika. Kati ya pamba mbovu na poliesta nzuri, chukua poliesta. 60/2 ikipatikana, ndiyo. Isipopatikana, 40/2 ya kawaida inafanya kazi, mradi alama ya robo inchi isogezwe ndani kwa upana wa uzi kama ilivyoelezwa.

Sindano iwe namba 11 au 12, mishono 12 kwa inchi. Cherehani nyingi za kukanyaga zina kishikio cha urefu wa mshono ambacho namba zake zimefutika. Shona kwenye kitambaa, weka tepu, hesabu. Rangi moja ya kijivu cha wastani inatosha kwilti nzima ya rangi mchanganyiko. Nyeupe huonekana kwenye mikunjo ya kitenge cheusi, na nyeusi hupenya kwenye khanga nyeupe.

Kuhusu pasi: poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 255 hadi 260 za Selsiasi, na pasi iliyowekwa kwenye pamba hukaa karibu na 200. Kuna nafasi, ila pasi isiachwe imekaa mahali pamoja. Uzi wa naironi usioonekana ndio wa kuogopa. Joto na jua huufanya uwe wa manjano na kuvunjika kama bua. Na kuna uzi wa pamba uliopakwa nta kwa ajili ya kushona kwa mkono. Ni mzuri mkononi, lakini kwenye cherehani nta inabanduka na kuganda katikati ya visahani vya mkazo vinavyobana uzi wa juu, na baada ya hapo hata uzi mzuri hautembei sawa.

Kwa mistari ya kubana tabaka tatu, 40/2 ya poliesta juu na chini. Au uzi wenye kiini cha poliesta ndefu uliofunikwa kwa pamba au poliesta, tex 24 hadi 30, ambao una nguvu zaidi kwa unene ule ule na manyoya machache. Sindano namba 14, mishono 8 au 9 kwa inchi. Sindano ndogo zaidi hapa hupinda ikikutana na makutano ya mishono minne, ikagonga bamba.

Ukitaka kuhakikisha uzi na sindano vinaelewana, chomoa sindano, ipitishe kwenye nusu mita ya uzi, shika uzi kwa mikono miwili umeinama kwa pembe ya digrii 45. Sindano inapaswa kuteleza yenyewe hadi chini. Ikikwama, tundu ni dogo kwa uzi huo. Ikishuka kama jiwe, ni kubwa mno. Na kabla ya kuulaumu uzi kwa kuruka mishono, angalia kama sindano ni ya mashine hiyo: cherehani ya kukanyaga na ya nyumbani hutumia HA×1 yenye upande bapa, mashine ya kiwandani hutumia DB×1 yenye shina la duara. Kwenye karakana yenye mashine zote mbili, pakiti huchanganyika.

Mkazo uwekwe kwenye kipande cha majaribio chenye tabaka zote tatu, kamwe si kwenye kitambaa kitupu. Anza na bobini. Ukiinua kesi ya bobini kwa uzi wake, ikae. Ukitikisa mkono kidogo, ishuke sentimita tatu nne kisha isimame. Skrubu yake izungushwe kwa robo ya robo, na kabla ya kuigusa weka alama ya kalamu ili uweze kurudi ulikotoka. Baada ya hapo usiiguse tena. Rekebisha uzi wa juu tu. Vifundo vikionekana chini, kwanza tunga uzi upya mguu ukiwa umeinuliwa, kwa sababu mara nyingi uzi haukuingia kwenye visahani. Nukta zikionekana juu, legeza.

Kwa kiasi, kwilti hii ina mita 55 hivi za mishono ya viraka, na mistari ya juu iliyoachana inchi 4 kwenda pande zote mbili ni mita 55 nyingine. Viraka hula uzi mara mbili na nusu ya urefu wa mshono, tabaka tatu hula mara tatu, juu na chini kwa pamoja. Jumla ni kama mita 300. Koni moja ya yadi 5,000 inashona sehemu hizo kwa kwilti 15 za namna hii. Fundi anayebana matumizi kwenye uzi anabana mahali pasipo na kitu cha kubana.

Kurekebisha hii

Uzi wote wa dhahabu utoke. Upande wa chini, kata uzi mweupe wa bobini kila baada ya mishono mitano au sita, geuza kwilti, uvute wa juu. Utatoka mrefu kwa mrefu pale ambapo haujakatika tayari. Fanya hivyo kabla ya kugusa viraka, kwa sababu mshono wa kiraka hauwezi kufikiwa vizuri ukiwa umebanwa kwenye pamba. Tabaka zikiachana, ondoa ukingo pia.

Mahali 11 yaliyofunguka yagawanywe mafungu mawili. Pale khanga iliponyofoka chini ya milimita 3, fumua mshono wote wa kiraka hicho, shona upya kwa akiba ya milimita 10, 40/2, sindano 12, mishono 12 kwa inchi. Kiraka kitapungua kidogo na jirani yake atalazimika kukubali. Kwenye kwilti yenye viraka 270 haitaonekana. Pale paliponyofoka zaidi ya hapo, usijaribu kuokoa. Kata kiraka kipya cha inchi 4 na nusu, kunja robo inchi kila upande, piga pasi, kilaze juu ya cha zamani na kukishona kwa mkono kwa mishono ya kuficha. Viraka vya khanga vilivyosalia bila kufunguka, ambavyo vimeshonwa kwa uzi ule ule wa jinzi, vinahitaji uamuzi. Kuvifumua vyote ni kazi ya siku mbili. Njia ya kati, na ndiyo inayofaa hapa, ni kupiga mstari mpya wa kwilti sentimita nusu kando ya mshono kila upande wa viraka vya khanga, ili mvuto ugawane kabla haujafika kwenye matundu makubwa.

Ukingo upimwe upya katikati ya sehemu ya viraka, ukatwe, ubanwe kwa pini kabla ya kushonwa: moja katikati, moja kila robo, kisha zijazwe.

Tabaka tatu zikirudishwa pamoja, zikamatwe kwa pini za usalama kila sentimita 10 hadi 12, na mistari ianzie katikati kwenda nje. Ikipatikana, mguu wa kutembea unaovuta kitambaa cha juu sawa na meno yanavyovuta cha chini utaokoa mikunjo mingi. Cherehani za kukanyaga za mtindo wa Singer huchukua ule wa shina fupi. Safisha manyoya chini ya bamba kila bobini mbili au tatu. Poliesta ya koni huyaacha, pamba ya kati huongeza yake, na yakikusanyika chini ya kesi ya bobini mkazo hubadilika bila mtu kugusa skrubu.

Kabla ya kuirudisha South B, shona sampuli ya sentimita 15 ya khanga kwa kitenge kwa uzi na sindano mpya, iloweke, isokote kwa mikono miwili kwa nguvu ya kufulia, kisha ivute mshono ukiwa katikati. Khanga ikionyesha mwanya, ongeza akiba kabla ya kuongeza mishono. Mteja naye aelezwe ufuaji: maji yakamuliwe kwa kukandamiza ndani ya beseni, si kwa kusokota, kwilti ianikwe juu ya kamba mbili sambamba ili uzito ugawane, upande wa shuka ukiangalia jua. Jik, dawa ya kung'arisha nguo, isitumike kabisa. Haitaidhuru poliesta sana, lakini khanga na kitenge ni pamba.